Mkewe, Miaka Ishirini na Miwili

Kwetu Memramcook mtu haulizwi jina,
huulizwa ni wa nani.
Najibu kama nilivyofundishwa
kabla sijajua kufunga kamba za viatu:
Zélie wa Alcide wa Onésime wa Tranquille,
wa Tranquille mwingine, yule mwenye kengeza,
wa Sylvain aliyerudi kwa miguu kutoka Boston,
wa Germain aliyezikwa hukohuko,
wa Mathurin.

Kwa Mathurin pumzi huisha.
Baba akifika hapo alikohoa,
akashindilia tumbaku kwenye kiko,
kana kwamba nyuma ya Mathurin
dunia ilikuwa rangi mbichi, usiiguse.
Na juu ya jokofu alitundika ngao
aliyouziwa na mchuuzi wa maonyesho ya kilimo:
tai mwekundu, panga mbili.
Tulikuwa watu wa ngome, alisema,
huku akitoa matope kwenye kucha kwa kisu cha mezani.

Amekufa akiamini.
Mimi nilianza kwenda Moncton kila Jumanne,
kwenye mashine ya kusomea filamu, miaka kumi na mmoja,
shingo ikapinda kama ya bata.
Parokia ya Poitou ilinijibu kwa barua ya mistari mitatu:
madaftari yalikuwapo; panya walianza,
moto ukamalizia. Kila la heri.

Halafu Jumanne moja ya mvua ya barafu, nikamwona.
Karani wa mfalme alikuwa amepita nyumba kwa nyumba
huko Port-Royal, manyoya ya bata bukini mkononi:
*Mathurin Gaudriau, mchimba matuta, miaka ishirini na sita.
Mkewe, miaka ishirini na miwili.
Watoto wawili. Ng'ombe sita. Kondoo wanane.
Ekari tatu zilizonyang'anywa bahari.*
Chini yake Mathurin hakutia sahihi.
Amechora koleo.

Nilimsomea mama, mwenye miaka tisini na mmoja,
akikwaruza viazi juu ya beseni.
“Na yeye je?”
“Hakuandikwa jina.”
“Mkamuaji hakuandikwa,
wakamuliwa wamehesabiwa?”
Akaendelea kukwaruza.
Nadhani hata yule tai ukutani aliona haya.

Binamu Hervé anaapa alikuwa mjane wa La Rochelle.
Mjukuu wake, aliyetuma mate kwa posta,
anasema alikuwa Mmi'kmaq, mwenye nchi kabla yetu sote.
Kipimo chenyewe kilisema: labda.
Nimeliandika hilo *labda* kwenye mti wa ukoo, kwa penseli,
na nimelifuta, na nimeliandika tena,
karatasi imekuwa nyembamba pale, mwanga unapita.

Septemba maji ya Ghuba ya Fundy yalikupwa
yakaacha wazi gogo la kale chini ya tuta:
limechongwa tumbo tupu, na ndani mlango wa ubao
unaofunguka upande mmoja tu,
mvua itoke, bahari isiingie.
Niliwaza meli za mwaka ule wa kufukuzwa.
Kutoka, mlango ulikuwa mwepesi.

Kwenye ufa wa gogo mtu alikuwa amesokomeza
kipande cha sufu, kimesokotwa kwa mkono,
kimekazwa kwa hasira ya mtu asiyetaka kulima chumvi.
Si lazima awe yeye.
Bwana wa makumbusho ameniambia hivyo, mara mbili,
akikitia kwenye mfuko wa nailoni wenye namba.

Sawa. Namba na achukue.
Ila wajukuu wa dada yangu wakiniuliza sisi ni wa nani,
nateremka jina kwa jina hadi kwa Mathurin
na sikohoi.
Nasema: wa Mathurin, na wa —
kisha nanyamaza,
muda wa kumtosha mtu kusukuma mlango,
kukung'uta matope kizingitini,
na kuingia.